UZI: Falcatakely, ndege wa kale wa Madagaska aliyejenga mdomo kwa mfupa ambao ndege wa leo wameuacha

Mwalimu_Bayo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Leo nataka tumzungumzie ndege aliyeishi kaskazini-magharibi mwa Madagaska miaka milioni 68 hivi iliyopita. Jina lake la kisayansi ni Falcatakely forsterae, na lilitangazwa Novemba 2020 kwenye jarida la Nature. Najua humu jukwaani dinosaria wakubwa ndio huvuta watu, na huyu alikuwa na ukubwa wa kunguru tu. Lakini kwangu mimi ninayefundisha baiolojia, hakuna kisukuku kilichonifanya niuangalie upya mdomo wa kuku kama hiki.

Tuanze na huyo kuku. Mdomo wake wa juu, ukiondoa lile ganda gumu la nje, umebebwa karibu wote na mfupa mmoja wa mbele unaoitwa premaksila. Nyuma yake kuna mfupa mwingine, maksila. Kwa mamba, kwa mbwa na kwetu sisi binadamu, maksila ndiyo yenye kazi kubwa: inashika meno mengi ya juu na kuujenga uso. Kwa kuku imenyauka, imebaki kijiti cha pembeni. Na si kuku peke yake. Bata, mwewe, chozi, kasuku, korongo, hondohondo, ndege wote walio hai, spishi zaidi ya 10,000, wanafuata ramani hiyo hiyo. Milio na vyakula vyao havifanani, midomo ina maumbo ya kila namna, lakini ndani premaksila ndiyo inayotawala.

Sasa njoo kwa Falcatakely. Mdomo wake ulikuwa mrefu na mnene kutoka juu kwenda chini, umepinda, ukimwona pembeni ungemfananisha na hondohondo wetu au tukani wa Amerika ya Kusini. Ila mifupa inasimulia mengine. Sehemu kubwa ya uso huo ni maksila, imetanuka na kupanda juu. Premaksila ni kipande kidogo kwenye ncha, na kwenye kipande hicho kuna jino. Mpangilio wa namna hiyo ni wa dinosaria wala nyama, jamaa za Velociraptor. Ni sawa na kukuta nyumba mbili za umbo moja, baraza moja, paa moja, halafu ukikwangua lipu unakuta moja imejengwa kwa tofali za kuchoma na nyingine kwa mawe ya matumbawe.

Kabla ya hapo wataalamu wengi waliona kwamba ili ndege apate mdomo mrefu wa namna hii, lazima kwanza premaksila ikue na maksila ipungue. Ilionekana ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Falcatakely alipitia mlango mwingine kabisa, na akafika.

Na namna alivyopatikana nayo inastahili kusimuliwa. Jiwe lililombeba lilichimbwa mwaka 2010 karibu na kijiji cha Berivotra, ndani kidogo kutoka mji wa bandari wa Mahajanga. Hakuna aliyejua kuna nini ndani. Likapelekwa maabara pamoja na mawe mengine, likakaa. Mwaka 2017 ndipo likapitishwa kwenye CT-skani, na Patrick O'Connor, mtaalamu wa anatomia ambaye wakati huo alikuwa Ohio University, akaona kwenye picha mifupa ya uso wa ndege. Mifupa yenyewe ni myembamba kiasi kwamba kuitoa kwenye mwamba kungeivunja vipande. Wakaamua wasiitoe. Walichokifanya ni kuchukua picha za mionzi za kiwango cha juu, wakautenga kila mfupa ndani ya kompyuta, wakaupanga uso upya, kisha wakachapisha nakala zake kwa printa ya 3D ili wazishike mkononi. Hadi leo mifupa halisi imo ndani ya jiwe.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize, mwenye ubishi abishe kwa hoja.

Nyakato_88

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

KijanaWaKihesa

Mkuu Bayo, asante kwa uzi. Lakini mimi kuna kitu kinanisumbua kila nikisoma habari hizi. Fuvu moja, tena si zima, ndani ya jiwe ambalo halijapasuliwa, halafu mtu anasema "spishi mpya" na "imebadilisha tulichokijua". Kama ni ndege mmoja aliyezaliwa na kasoro je? Kama jiwe lilimbonyeza uso ukaharibika umbo? Si kwamba nakataa, nataka kuelewa.

Mwalimu_Bayo

KijanaWaKihesa, swali zuri, na ndilo la kwanza ambalo wahakiki wa jarida lolote huliuliza.

Kuhusu kubonyezwa: mwamba unaweza kupinda mfupa, kuutandaza, kuuvunja. Hauwezi kuhamisha mshono kati ya mfupa na mfupa. Mahali maksila inapoishia na premaksila inapoanza panaonekana kwenye skani, na hapo ndipo penye hoja yote. Hata uukunje uso huo vipi, maksila inabaki kubwa na premaksila inabaki ndogo.

Kuhusu kasoro ya kuzaliwa: sehemu nyingi za fuvu zinakubaliana. Jino liko pale linapotakiwa kuwa, mfupa wa machozi, mfupa wa pua, kaakaa, vyote vinaungana katika uso unaofanya kazi. Na juu ya mifupa ya pembeni kuna vijifereji vingi vidogo vinavyoonyesha kwamba uso ulifunikwa na ganda la keratini, kitu kile kile cha kucha na cha mdomo wa kuku. Mnyama huyu aliuishi mdomo wake.

Hawakuishia kutazama kwa macho. Ryan Felice, mmoja wa waandishi wa utafiti, alipima umbo la uso na kulilinganisha na ndege wa leo, ndege wa kale na dinosaria. Kwa umbo la nje Falcatakely anaangukia jirani na ndege wa leo. Kwa mpangilio wa mifupa anabaki na dinosaria. Vipimo viwili kwa fuvu moja, majibu mawili, na hapo ndipo ugunduzi ulipo.

Rediografa_Mpya

Naomba nichangie upande wa mashine kwa sababu ndiyo kazi yangu, ingawa mimi napiga watu, sijawahi kupiga jiwe.

CT inafanya kazi kwa kutofautisha msongamano wa vitu. Mionzi ya X ikipita kwenye mfupa inapungua zaidi kuliko ikipita kwenye nyama, kompyuta inapiga hesabu ya upungufu huo kutoka pande zote na kutengeneza vipande vyembamba vya picha, kama mnavyoona daktari akipitisha picha moja baada ya nyingine. Kwa mgonjwa nyama na mfupa vinatofautiana sana, kazi ni nyepesi. Kwa kisukuku mfupa umeshageuka madini na umezungukwa na madini, tofauti ni ndogo. Ndiyo maana wanatumia mikro-CT. Inatoa vipande vyembamba kuliko unywele, lakini inachukua muda mrefu na dozi ambayo huwezi kumpa mtu aliye hai. Ndege wa miaka milioni 68 haimdhuru.

Watu wakisikia "kompyuta ilitenganisha mifupa" wanadhani ni kubonyeza kitufe. Hapana. Mtu anakaa mbele ya skrini, anafungua kipande cha picha, anachora mpaka wa mfupa kwa mkono, anaenda kipande kinachofuata, mamia ya vipande. Mfupa ukiwa umepasuka na vipande vimehama, anahamisha kimoja kimoja kukirudisha kilipokuwa. Joseph Groenke alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo kwa huyu ndege. Nawaheshimu sana watu wa namna hii, maana majina yao hayafiki kwenye vichwa vya habari.

Mwalimu_Bayo

Rediografa_Mpya, kongole. Hii ya kuchora kipande kwa kipande sikuieleza vizuri, umeikamilisha.

Ustaadh_Pemba

Assalamu alaikum. Mimi swali langu ni la umri. Miaka milioni 68 ameipima nani, na kwa kitu gani? Kaboni si inaishia miaka elfu hamsini hivi?

Mwalimu_Bayo

Waalaikumu salaam ustaadh. Ni kweli kabisa, kaboni haihusiki hapa, imeshaisha zamani sana.

Mifupa hii imetoka kwenye miamba inayoitwa Maevarano. Chini yake kuna mawe ya volkano, basalti, yaliyomwagika wakati Madagaska ilipokuwa ikiachana na India, na basalti hupimika kwa elementi za mionzi: ni ya miaka milioni 88 hivi. Kwa hiyo chochote kilicho juu yake ni cha baadaye. Kwa upande wa juu, Maevarano inaingiliana na miamba ya Berivotra, ambayo ni mashapo ya bahari. Mashapo hayo yamejaa viumbe vidogo sana vya baharini, foraminifera, ambavyo spishi zake zilibadilika haraka na mfuatano wake unajulikana duniani kote. Foraminifera hao ni wa enzi ya mwisho kabisa ya dinosaria, Maastrichti, kati ya miaka milioni 72 na milioni 66 iliyopita. Juu ya hilo kuna rekodi ya sumaku ya dunia iliyogandishwa ndani ya miamba, nayo inasaidia kubana umri zaidi.

Hakuna aliyepima mfupa wenyewe. Waliopimwa ni majirani zake wa chini na wa juu.

Ustaadh_Pemba

Nimekufahamu. Jazaka Allahu kheri. Na kwa faida ya wengine: huko Mahajanga kwetu si kugeni. Wazee wetu wakiita kisiwa hicho Bukini, na majahazi ya Unguja, Lamu na Ngazija yamekwenda na kurudi pwani hiyo kwa karne nyingi. Kuna familia huko hadi leo zina asili ya huku. Kwa hiyo tunapozungumza Berivotra tunazungumza jirani.

Chozi_Mwekundu

Mimi nilidhani Madagaska kuna yule ndege mkubwa kupita kiasi, wa mayai makubwa. Huyu ni mtoto wake?

Mwalimu_Bayo

Hapana dada, wametengana mbali sana. Unayemkusudia ni Aepyornis, ndege asiyeruka, yai lake lilijaa lita 8 na zaidi, na alitoweka katika miaka elfu moja hivi iliyopita, watu wakiwa tayari wanaishi kisiwani. Vinasaba vyake vimeonyesha jamaa yake wa karibu ni kiwi wa New Zealand. Huyo ni ndege wa kundi la leo kabisa.

Falcatakely ni wa ukoo mwingine, enantionitesi. Ukoo huu ulitambuliwa mwaka 1981 na Cyril Walker wa Uingereza, akiangalia mifupa ya Argentina, na alama yake ni kiungo cha bega: pale ambapo kwa ndege wa leo mfupa mmoja una kinundu na mwenziwe una kishimo, kwa hawa ni kinyume. Katika Kretasia, kipindi kirefu kilichoishia na ile Maastrichti, hawa ndio waliokuwa ndege wa kawaida, wengi kuliko mababu wa kuku na njiwa. Wengi walikuwa na meno mdomoni na kucha kwenye mabawa. Wote walikwisha miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria wakubwa, kimondo kilipoanguka pale Chicxulub, Mexico. Hakubaki hata mmoja.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Tukisema "mdomo wa Falcatakely unafanana na wa hondohondo", hatusemi hondohondo alirithi kwake. Ukoo wake ulikufa wote. Wazo la mdomo mrefu mnene lilikuja, likapotea, likaja tena mamilioni ya miaka baadaye kwa ndege wasiohusiana naye.

Kipanga_Songwe

Hapo kwenye kufanana bila undugu, mbona tunalo hata baharini. Papa na pomboo wana umbo moja, mmoja samaki na mwingine mnyonyeshaji. Nini cha ajabu kwa huyu?

Mwalimu_Bayo

Kipanga, mfano wako ni sahihi na unanisaidia kueleza. Papa na pomboo wanabanwa na maji. Yeyote anayetaka kwenda kasi majini atachongwa hivyo. Kwa mdomo wa ndege suala linaingia ndani zaidi, hadi kwenye kiinitete, yaani mtoto akiwa bado anaumbika ndani ya yai.

Mwaka 2015 Bhart-Anjan Bhullar na Arhat Abzhanov na wenzao walichapisha jaribio la viinitete vya kuku. Kabla uso haujajengeka, kuna makundi mawili ya protini yanayotoa ishara katikati ya uso, FGF na Wnt. Kwa ndege ishara hizo zimesambaa eneo pana, kwa mijusi na mamba zimegawanyika pembeni. Wakazizuia katikati ya uso wa kiinitete. Premaksila ikakua fupi na ya mviringo, vipande viwili vilivyotengana, kama ya mababu wa kale. Viinitete hivyo havikuachwa vianguliwe. Lakini somo lilieleweka: badiliko la ishara chache mapema kabisa lilitosha kuipa premaksila utawala.

Ukiisoma habari ile ya 2015 peke yake, unaweza kudhani mdomo wa ndege umefungwa kwenye badiliko hilo moja: bila hilo hakuna mdomo. Falcatakely anasema hapana. Yeye ana ramani ya zamani, ile ya kabla ya badiliko, na bado kwa kuitanua maksila amepata uso wa umbo la kisasa. Maana yake ukuaji wa uso ulikuwa na uhuru mkubwa kuliko tulivyofikiri. Ndiyo maana naona fuvu hili lina thamani kuliko fuvu la dinosaria mwingine wa mita 15.

KijanaWaKihesa

Sasa hapo nimekuelewa. Nilikuwa naona ni suala la umbo tu. Kumbe ni suala la mfupa gani uliitwa kufanya kazi.

Mwalimu_Bayo

Umesema vizuri kuliko mimi.

Mama_Vifaranga

Mimi ni mfugaji, visukuku sivijui. Ila nimesoma uzi wote hadi hapa, na leo jioni nikiwa nalisha nimewaangalia kuku wangu usoni kwa muda mrefu. Swali: kwa nini hao wenye meno walikufa wote na hawa wasio na meno wakabaki? Meno si ndiyo silaha?

Mwalimu_Bayo

Mama_Vifaranga, swali lako wataalamu wanaliandikia hadi leo.

Hoja moja ni ya chakula. Kimondo kilipoanguka, vumbi na masizi vilifunika jua, mimea ikafa, wadudu na wanyama walioitegemea wakafuata. Kilichobaki ardhini ni mbegu. Mbegu hukaa udongoni miaka. Ndege mwenye mdomo mgumu usio na meno na firigisi ya kusaga aliweza kuokota mbegu. Hoja ya pili, ya Daniel Field na wenzake mwaka 2018, ni ya makazi. Misitu iliungua na kuanguka dunia nzima, chavua zilizobaki kwenye miamba zinaonyesha kwamba kwa kipindi fulani kulitawala majani ya jamii ya kangaga. Enantionitesi wengi walikuwa ndege wa mitini. Miti ilipokwenda, na wao wakaenda. Walionusurika ni wa chini, watembeaji. Hoja hizi mbili hazigombani.

Na kwa kuwa unafuga kuku: Field huyo huyo na wenzake walitangaza mwaka 2020 kisukuku kingine kutoka mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, Asteriornis maastrichtensis, cha miaka milioni 66.7. Fuvu lake lina sura ya kuku na bata kwa pamoja, na nalo lilionekana kwa CT ndani ya jiwe ambalo kwa nje lilionyesha mifupa michache tu ya miguu. Ndugu wa kuku wako walikuwapo tayari kabla ya kimondo.

Nyakato_88

Aisee. Mwaka mmoja, ndege wawili ndani ya mawe mawili, wote kwa CT. Kuna mawe mangapi kwenye makabati ya makumbusho yanasubiri?

Mzee_Mvungi

Vijana, mimi naomba kugusa upande mwingine. Fuvu hili sasa liko wapi? Limebaki Madagaska au limekwenda Marekani moja kwa moja? Sisi watu wa kusini tuna kidonda cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale Lindi, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo yule mrefu, Giraffatitan, amesimama Berlin, mita 13 kwenda juu. Wajukuu wa waliobeba hawajawahi kumwona.

Mwalimu_Bayo

Shikamoo mzee.

Falcatakely ni mali ya Chuo Kikuu cha Antananarivo. Namba yake ya usajili inaanza na herufi UA, za chuo hicho. Lilipelekwa Marekani kuandaliwa na kupigwa picha, lakini umiliki ni wa Madagaska. Na miongoni mwa waandishi wa utafiti yumo Lydia Rahantarisoa wa Antananarivo. Jina lenyewe lina nusu ya Kilatini na nusu ya Kimalagasi, na ile forsterae ni kumheshimu Catherine Forster, aliyeeleza ndege wa kale wa Madagaska tangu miaka ya 1990, akiwemo Rahonavis mwaka 1998.

Mradi wenyewe wa kuchimba huko ulianza 1993 chini ya David Krause. Walipofika Berivotra walikuta watoto hawana shule. Mwaka 1998 Krause alianzisha mfuko wa Ankizy, yaani watoto, ambao umejenga shule na kupeleka huduma za afya na meno vijijini. Kwangu huo ni mfano ambao Tendaguru haikuupata, na unafaa kutajwa kila tunapozungumzia nani anafaidika na mifupa.

Kwa Tendaguru mzee una haki ya kidonda hicho. Niongeze jina moja ambalo vijana wanapaswa kulijua: Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi hodari wa kuandaa mifupa. Ilipita karibu karne nzima ndipo mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii.

Mzee_Mvungi

Marahaba mwanangu. Boheti nilimsikia kwa baba yangu. Sikujua kama kuna mnyama mwenye jina lake. Nitawaambia wa nyumbani.

Kipanga_Songwe

Huyo O'Connor mbona jina si geni? Huku kwetu Songwe kuna wazungu walikuwa wanakuja kila kiangazi kuchimba, pamoja na wanafunzi wa Dar.

Mwalimu_Bayo

Ndiye huyo huyo, Kipanga! Nilikuwa nasubiri mtu wa huko ajitokeze.

O'Connor na Nancy Stevens ndio walioongoza uchimbaji wa Bonde la Rukwa, wakishirikiana na Watanzania. Mwaka 2010 walitangaza Pakasuchus kapilimai, jamaa wa mamba mwenye meno kama ya paka, aliyepewa jina la Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakafuata dinosaria wa shingo ndefu: Rukwatitan 2014, Shingopana songwensis 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia 2019, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mtuka ni mto wa huko kwenu.

Lakini Berivotra ina bahati moja ambayo imeifanya iwe hazina ya viumbe vyepesi. Ray Rogers, mjiolojia wa timu ile, ameonyesha jinsi mifupa ilivyozikwa. Wakati huo Madagaska ilikuwa kusini zaidi ya ilipo leo, ukame mkali na mvua za msimu. Wakati wa kiangazi wanyama walikusanyika kwenye mito iliyokauka wakafa hapo. Mvua ya kwanza ikija, tope zito lenye mchanga liliteremka kwa wingi na kufunika kila kitu kwa mara moja. Tope la namna hiyo haliviringishi mifupa kama mto unavyofanya. Ndiyo maana kutoka machimbo ya eneo moja unapata Majungasaurus aliyekuwa akila hata wenzake, chura mkubwa Beelzebufo, mamba mla mimea Simosuchus, mnyonyeshaji Adalatherium, na uso wa ndege mwenye mifupa myembamba kama karatasi ambao hata jino halijachomoka.

Chozi_Mwekundu

Samahani, nirudi nyuma. Kwa nini mambo ya ajabu ni Madagaska kila mara?

Mwalimu_Bayo

Kutengwa. Iliachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, ikaachana na India miaka milioni 88 iliyopita. Alipoishi Falcatakely, kisiwa kilikuwa peke yake baharini kwa takriban miaka milioni 20.

Ila tahadhari. Mafuvu mengi ya enantionitesi tuliyo nayo yametoka China na machache Hispania, na mengi yametandazwa bapa kama ua lililowekwa kitabuni. Kutoka mabara ya kusini mafuvu ni machache mno. Kwa hiyo sehemu ya "uajabu" wa Falcatakely inaweza kuwa ni kwa sababu kusini hatujachimba vya kutosha. Novemba 2024 alitangazwa mwingine, Navaornis hestiae wa Presidente Prudente, Brazili, miaka milioni 80, fuvu zima lisilobonyea, bila meno. Ukilitazama haraka utadhani ni njiwa, na ni wa ukoo huu huu wa Falcatakely. Aliyelipata, William Nava, alilikuta 2016. Wawili hao hawafanani hata kidogo, mmoja ana jino na domo kubwa, mwingine hana jino na sura ya kawaida.

Rediografa_Mpya

Kwa Navaornis skani iliwapa hadi umbo la ubongo, si ndiyo? Nakumbuka kuona ile picha.

Mwalimu_Bayo

Ndiyo, fuvu liliupa ubongo nafasi na nafasi hiyo ikabaki na umbo lake. Ubongo ulikuwa katikati ya njia, mkubwa kuliko wa Archaeopteryx, yule ndege wa kale sana, haujafikia wa ndege wa leo. Hilo linahitaji uzi wake, nitaufungua.

Kipanga_Songwe

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Huku shambani kwa shemeji yangu, kwenye korongo, mvua za mwaka huu zimefukua kitu kama mfupa ndani ya mwamba mwekundu. Ni kizito kama jiwe. Vijana wanataka kukitoa kwa sururu. Nifanyeje?

Mwalimu_Bayo

Kipanga, wazuie leo hii. Usikitoe, na usikimwagie maji wala kukipaka chochote. Piga picha ukiwa umeweka rula au sarafu pembeni, piga na korongo lote kwa mbali ili tabaka la mwamba lionekane, na uhifadhi alama ya mahali kwenye simu. Kisha nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, yeye atawasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivi, si vya kuuza wala kuhama navyo. Mfupa uliong'olewa bila kujulikana umetoka tabaka gani hupoteza nusu ya habari zake, kama nilivyomweleza ustaadh kuhusu majirani wa chini na wa juu. Na kama kuna vipande vidogo vimeshaanguka, viache vilipo na uviwekee alama ya jiwe, maana kipande kidogo ndicho mara nyingine huwa na jino.

Usiweke mahali penyewe humu jukwaani.

Kipanga_Songwe

Nimempigia shemeji sasa hivi. Wamesimamisha. Kesho asubuhi naenda wilayani na picha.

Mama_Vifaranga

Tupe mrejesho, tunasubiri.